Kubeti Ukiwa Texas: Kipi Halali, na Faini Ndogo Inavyoweza Kugusa Uraia Wako

Wengi tunaowahudumia katika ofisi yetu ya msaada wa kisheria hapa Houston walizoea kubeti kabla hawajaijua Marekani. Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, kijana huweka mkeka wake kwa simu, analipa kwa pesa ya mtandao, na kampuni anayochezea ina leseni ya serikali. Akifika Texas anaona matangazo ya kampuni za kubeti katika kila mechi ya NBA, na anadhani mambo ni yale yale. Hapana. Kubeti matokeo ya mechi ni kosa la jinai Texas, uwe umebeti na kampuni ya ng'ambo au na jamaa anayekusanya mikeka kazini.

Matangazo yana sababu yake. Tarehe 14 Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua sheria ya shirikisho ya mwaka 1992 iliyozuia majimbo kuruhusu kubeti michezo, na tangu hapo majimbo zaidi ya 35 yameruhusu. Televisheni inarusha tangazo moja nchi nzima, pamoja na majimbo yasiyoruhusu. Texas ina ugumu wake: katazo limo ndani ya Katiba ya jimbo, na kuibadilisha kunahitaji theluthi mbili ya kura katika kila chumba cha Bunge, kisha kura ya wananchi. Mwaka 2023 Baraza la Wawakilishi lilipitisha pendekezo la kubeti michezo, likafia Seneti. Kikao cha 2025 kilimalizika bila mabadiliko, na kikao cha kawaida kinachofuata ni Januari 2027.

Kinachotazamwa ni mahali ulipo wakati unabeti. Anwani ya nyumbani haihusiki. Mkazi wa Houston mwenye miaka 21 akifuata barabara ya I-10 hadi Lake Charles, Louisiana, anaweza kuingia kasino na kubeti mechi kihalali. Akirudi upande wa Texas, programu ile ile inamfungia. Watu wa Dallas nao, kwa michezo ya kasino, huenda WinStar, kasino kubwa ya Taifa la Chickasaw iliyoko Oklahoma, ng'ambo tu ya Mto Red. Kuificha simu kwa VPN, yaani programu inayoficha mahali ulipo, ili ionekane iko Louisiana au Kenya hakubadilishi kitu: wewe uko Texas, na sheria ni ya Texas. Tena kampuni ikigundua, mara nyingi huzuia akaunti pamoja na fedha zilizomo.

Basi ndani ya Texas kipi kimeruhusiwa? Kuna bahati nasibu ya jimbo, iliyoanza kuuza tiketi mwaka 1992, kwa mwenye miaka 18 na kuendelea. Kuna bingo ya hisani yenye leseni. Kuna mbio za farasi, ambapo unabeti ukiwa papo hapo uwanjani, kama Sam Houston Race Park au Lone Star Park, na umri ni miaka 21. Na kuna kumbi tatu za makabila ya Wahindi Wekundu: Kickapoo kule Eagle Pass, Alabama-Coushatta karibu na Livingston, na Ysleta del Sur mjini El Paso. Mbili za mwisho zilipigwa vita na serikali ya jimbo kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Juu ilipoipa Ysleta ushindi katika kesi yake mwaka 2022 kwa kura 5 dhidi ya 4.

Tiketi ya bahati nasibu inunue dukani, mkononi. Mwaka 2023 kundi moja lilinunua karibu michanganyiko yote milioni 25.8 ya Lotto Texas na kuchukua zawadi iliyotangazwa kuwa dola milioni 95. Kelele zilizofuata zilifanya Bunge, mwaka 2025, kupiga marufuku mawakala wa kununulia watu tiketi kwa programu za simu, na hata Tume ya Bahati Nasibu yenyewe ikavunjwa, kazi zake zikahamishiwa idara nyingine. Kwa hiyo programu inayojitolea kukununulia tiketi ya Texas leo haifanyi kazi halali. Ujumbe wa WhatsApp unaosema umeshinda, tuma kwanza ada, ni wizi mtupu.

Sehemu inayotuletea maswali zaidi ni mashine za kubahatisha zilizopangwa nyuma ya vituo vya mafuta na maduka. Sheria ina mwanya mmoja tu: mashine ya burudani inayotoa vitu vidogo kama midoli, ambavyo thamani yake haizidi mara kumi ya gharama ya kucheza mara moja, au dola 5, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Ikilipa fedha taslimu, ni kamari. Mchezaji anakabiliwa na faini isiyozidi dola 500. Mwenye mashine au anayeendesha ukumbi anakabiliwa na kosa la daraja A: jela hadi mwaka mmoja na faini hadi dola 4,000. Na hapa nawaonya hasa ndugu zetu wanaofanya kazi za kaunta. Tajiri akikwambia uwalipe washindi wa mashine kutoka kwenye droo, ni mkono wako unaoonekana kwenye kamera.

Karata za fedha nyumbani kwako? Sheria inatoa utetezi ikiwa ni mahali pa faragha, hakuna anayepata faida zaidi ya ushindi wake mwenyewe, na wote wana nafasi sawa. Mwenye nyumba akikata asilimia au kutoza kiingilio, utetezi umekwisha. Upatu nao, au chama, au likelemba kama wasemavyo Wakongo, siyo kamari: kila mwanachama anapokea zamu yake, hakuna anayepoteza kwa bahati. Ila makanisa na jumuiya zinazouza tiketi za kushindania zawadi zichunge. Kikundi cha kidini lazima kiwe kimekuwepo Texas angalau miaka kumi, na zawadi haiwezi kuwa fedha. Kanisa changa lenye nia njema kabisa linaweza kujikuta linaendesha kamari.

Sasa ile faini ya dola 500. Kwa raia, ni karatasi ya kulipia na kusahau. Kwa mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, sheria ya shirikisho ya uhamiaji inasema hana mwenendo mwema, ambao ni sharti la kupata uraia, mtu aliyetiwa hatiani kwa makosa mawili au zaidi ya kamari ndani ya kipindi kinachoangaliwa, ambacho kwa wengi ni miaka mitano kabla ya kuomba uraia, au mitatu kwa aliyeolewa au kuoa raia. Vivyo hivyo mtu ambaye kipato chake kikuu kinatokana na kamari haramu. Fomu ya N-400, ile ya kuombea uraia, inauliza waziwazi kama umewahi kucheza kamari haramu au kupata fedha kutokana nayo. Tiketi ya bahati nasibu, au safari ya Lake Charles, haiingii katika swali hilo. Mkeka uliowekwa kwa siri sebuleni Houston unaingia, na kudanganya kwenye fomu ni tatizo kubwa kuliko mkeka wenyewe.

Ushindi halali nao una kodi. Texas haitozi kodi ya mapato, lakini serikali ya shirikisho inahesabu kila dola uliyoshinda, hata kama hukupewa fomu ya kodi. Bahati nasibu inayozidi dola 5,000 hukatwa asilimia 24 hapo hapo.

Ukipewa hati ya kosa la kamari, usikimbilie kulipa. Texas kulipa faini ya aina hiyo kunahesabiwa kama hukumu ya hatia. Hata mpango wa kukiri na kuwekwa chini ya uangalizi ili kesi ifutwe baadaye unaweza kuhesabiwa na uhamiaji kuwa ni kutiwa hatiani. Angalia tarehe ya kufika mahakamani iliyoandikwa kwenye hati, na kabla haijafika ipeleke kwa wakili wa uhamiaji akae pamoja na wakili wa jinai.