Televisheni ya muziki haiharibu kila kijana anayeitazama

Wazazi wengi huamini kwamba kijana akikaa mbele ya chaneli ya muziki, basi atavaa, atazungumza na kuishi kama anavyoona. Hofu hiyo inaeleweka, maana video nyingi ni za magari, pombe na nusu uchi. Lakini inamfanya mtazamaji aonekane kama chombo kitupu.

Chukua tamthilia ya Shuga ya kituo cha MTV. Ilianza mwaka 2009, simulizi yake ikiwa Nairobi, na Lupita Nyong'o alikuwa mmoja wa waigizaji kabla dunia haijamjua. Ina mapenzi, starehe na usaliti, mambo yaleyale tunayoyaogopa. Ila ndani yake wahusika wanapima Virusi vya UKIMWI na kuishi na matokeo.

Baadaye wanauchumi walifanya utafiti kusini-magharibi mwa Nigeria. Vijana wa miaka 18 hadi 25 waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walioneshwa Shuga, wengine tamthilia isiyo na ujumbe huo. Miezi kadhaa baadaye, waliotazama Shuga walikuwa wamepima kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wenzao. Matumizi ya kondomu, hata hivyo, hayakubadilika kwa kiasi cha kuonekana.

Hilo la mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Hadithi ileile ilibadili jambo moja, ikaliacha jingine. Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kuzima televisheni, kaa na mwanao umuulize ameelewa nini.