Marejeo: maana yake kwa anayeunda modeli ya ndege ya mabomu

Muundaji wa modeli za ndege akikwambia "sina marejeo", usimtumie picha kumi haraka haraka. Picha huenda anazo mia. Anachokosa ni ushahidi wa kumwonyesha kwamba kitu fulani kilikuwa na umbo hili, rangi hii na kilikaa mahali hapa, ndani ya ndege fulani, katika kipindi fulani. Ukiondoa "ndege fulani" na "kipindi fulani", kinachobaki ni picha ya kupendeza tu.

Kwa sehemu ya nje, marejeo hayasumbui sana. Wapiga picha wa Vita Kuu ya Pili walizipiga picha ndege zikiwa uwanjani, wahudumu wake wamejipanga chini ya bawa. Waliobahatika kuingia ndani na kamera walikuwa wanatafuta sura ya askari, hawakujali ukuta uliokuwa nyuma yake. Kwa hiyo anayetafuta undani hujifunza kuitazama picha kwa namna yake: anampita mtu na kuchungulia juu ya bega lake, kwenye nyaya, mitungi ya oksijeni na mbavu za ndege.

Chukua B-17, ndege ya mabomu ya Marekani. Zilitengenezwa 12,731, na si kiwanda kimoja kilichozitoa. Boeing walizijenga Seattle, Douglas wakajenga Long Beach, Vega wakajenga Burbank. Ndiyo maana jina kamili la ndege huandikwa mfano B-17G-35-BO: G ni toleo, 35 ni fungu la uzalishaji, BO ni Boeing wa Seattle. Douglas ni DL, Vega ni VE. Fungu likibadilika, na vitu vya ndani hubadilika. Katika B-17F, madirisha ya ubavuni yalitazamana, hivyo washika bunduki wawili walisimama mgongo kwa mgongo wakigongana hewani huku wanapigana. Katika B-17G za baadaye dirisha moja lilisogezwa mbele ya jingine, na yote yakazibwa kwa kioo. Picha nzuri kabisa ya ubavu wa F, yenye tarehe na namba, si marejeo ya G ya mwaka 1944. Ni marejeo ya ndege nyingine.

Kwenye rangi ndiko wengi tunakopotea. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na B-17G yangu ya kwanza iliniambia nipake kijani ndani kote, kuanzia puani hadi mkiani. Nikapaka, nikagandisha kwa gundi pande mbili za mwili wa ndege. Miezi kadhaa baadaye nikawa naitazama kwa lenzi picha ya mshika bunduki wa ubavuni, nikaona ukuta nyuma yake unang'aa. Mwanga wa dirishani ulikuwa umepiga bati ukarudi, kila mstari wa riveti, zile pini za kuunganisha bati, ukiwa na kivuli chake. Rangi isiyong'aa haiakisi mwanga hivyo. Lilikuwa bati tupu la alumini.

Sababu yake ni ya kiufundi. Ile rangi ya kijani ya ndani ilitokana na zinki kromati, praima (rangi ya msingi) ya manjano ya kuzuia kutu, iliyochanganywa na rangi nyingine ili isiumize macho. Lakini sehemu kubwa ya B-17 ilijengwa kwa bati la Alclad, yaani aloi (mchanganyiko wa metali) ngumu iliyofunikwa pande zote mbili kwa tabaka jembamba la alumini safi. Tabaka hilo lenyewe ndilo kinga. Kulipaka praima kulikuwa kuongeza uzito, gharama na saa za kazi, wakati ndege zilikuwa zinatakiwa upesi. Kijani kilikuwa hasa kwenye chumba cha marubani, na huko nako ndege nyingi zilikuwa na kitambaa kizito cha kuzuia baridi ukutani. Sakafu na masanduku ya risasi yalikuwa ya plaiwudi.

Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza, ni habari tofauti: ndani yake ilipakwa rangi, nyeusi upande wa marubani na kijani cha kijivu huko nyuma. Huwezi kuazima kanuni ya ndege moja ukaivisha nyingine.

"Si uende makumbusho ukaitazame?" Nenda, ila uliza kwanza ndege hiyo imepitia nini. B-17 kadhaa zilizosalia zilifanya kazi za kiraia baada ya vita, nyingine zikamwaga maji kwenye moto wa misitu, nyingine zikapiga picha za ramani kwa taasisi ya jiografia ya Ufaransa. Vifaa vya kivita viling'olewa, vinavyoonekana leo vilirudishwa baadaye. Lancaster PA474, inayoruka hadi sasa Uingereza, ilitoka kiwandani mwaka 1945 na haikuwahi kupigana. Kibanda chake cha bunduki cha mgongoni kilipatikana Argentina, kikafungwa miaka ya 1970. Ndege ya namna hiyo ni marejeo mazuri ya umbo la mbavu, na marejeo dhaifu ya rangi na ya vitu vinavyofungwa kwa skrubu.

Mabaki huniaminisha zaidi. Halifax NA337, nayo ndege ya mabomu ya Uingereza, ilitolewa kwenye ziwa Mjøsa, Norway, mwaka 1995, ikiwa imekaa majini tangu vita. Ilipoopolewa, hakuna aliyekuwa ameipaka upya. Pamoja na mabaki ninaweka vitabu vya mafundi vya wakati huo, hasa orodha ya vipuri yenye michoro, kwa sababu inaonyesha kipande kimoja kimoja na kinavyofungwa. Picha nyeusi-nyeupe zisitumike kukisia rangi: baadhi ya filamu za zamani hazikuona nyekundu kabisa, ikatoka nyeusi, huku bluu ikitoka kama nyeupe.

Halafu kuna swali la kiasi. Saa ya dashibodi yenye kipenyo cha sentimita 8 inakuwa milimita 1.1 katika skeli ya 1:72, yaani modeli iliyo ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe. Ukishagandisha, kinachoonekana ni kile kinachopata mwanga wa dirishani. Mimi hutafuta marejeo kuanzia penye kioo, nikielekea gizani.

B-17G iliyopo mezani kwangu sasa ina kuta za alumini, sakafu ya mbao na mikanda ya risasi inayoshuka hadi kwenye masanduku yake. Chumba cha mtu wa redio kina dirisha juu, kwa hiyo meza yake itaonekana. Upande wa kushoto ninao katika picha mbili. Wa kulia bado, na pande mbili za ndege nimezishikilia kwa utepe wa karatasi.