Endothelia na fibroblasti katika kisima kimoja: nani anamwathiri nani?

Seli za endothelia, zile zinazotanda ndani ya mishipa ya damu, zikioteshwa peke yake kwenye plastiki hubaki tabaka bapa. Zikipandwa juu ya fibroblasti, yaani seli za tishu unganishi, baada ya siku 10 hadi 14 hujipanga kuwa mirija myembamba yenye matawi. Je, ni kwa sababu ya kugusana, au ya protini zinazoachiliwa kwenye kimiminika? Mtu asiyetenganisha mambo haya mawili hana haki ya kusema seli "zimewasiliana".

Panda fibroblasti kwanza, kama 20,000 kwa sentimita moja ya mraba. Zikishafunika sakafu ya kisima (kishimo kimoja cha sahani ya kuoteshea seli), ongeza endothelia. Kando yake andaa kisima cha pili: endothelia chini, fibroblasti juu ndani ya kikombe chenye utando wa matundu ya maikromita 0.4. Matundu hayo hupitisha protini, si seli. Ya maikromita 8 hupitisha hata seli, hivyo hayafai hapa. Mirija ikitokea katika kisima cha kwanza tu, shuku mguso, lakini usisahau kolajeni na fibronektini, protini ambazo fibroblasti huzitandika chini ya jirani zake. Weka pia kila aina ya seli peke yake, katika kimiminika kilekile, kwa siku zilezile.

Kimiminika hicho ndicho huvuruga majaribio mengi. Seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli) ya asilimia 10 huzifanya fibroblasti zizaane hadi ziwafukuze wenzao. Mimi huanza na kimiminika cha endothelia chenye seramu asilimia 2. Fibroblasti zikizidi bado, zizuie kugawanyika kabla ya kuongeza endothelia: dawa ya mitomaisini C, mikrogramu 10 kwa mililita, saa 2 hadi 3, kisha osha angalau mara tatu. Masalia yake huua majirani, na ni sumu kwako pia, kwa hiyo vaa glavu.

Kosa baya zaidi huja mwishoni. Ukitoa RNA (nakala za jeni zinazotumika) ya kisima kizima, jeni inayoonekana kupanda huenda imepanda kwa sababu tu uwiano wa seli umebadilika. Zitenganishe kwanza kwa kingamwili dhidi ya CD31, protini ya juu ya seli ambayo endothelia wanayo na fibroblasti hawana. Vimentini, protini ya ndani ya seli, haitakusaidia, aina zote mbili zinayo. Na tripsini, kimeng'enya cha kubandua seli, ikikaa muda mrefu hukata protini za juu ya seli, hata hizo unazozitafuta.