Je, wajua? Mtu asiyelewa haraka hana ini imara kuliko wewe

Miaka mingi niliamini kwamba mtu anayemaliza bia nane na bado anatembea kanyooka, basi ini lake liko fiti. Mtaani kwetu kulikuwa na mzee wa hivyo, hakuna aliyewahi kumwona amelewa, halafu tukaanza kuona macho ya njano, miguu imevimba, tumbo limejaa maji limekaza kama ngoma. Watu wakasema karogwa, maana pombe haijawahi kumshinda.

Kumbe kulewa ni habari ya ubongo, na ubongo wa mnywaji wa kila siku unazoea. Ini nalo linaongeza spidi ya kuvunja pombe, ila hapo ndo pabaya, kwa sababu pombe ikivunjwa inageuka kwanza kuwa sumu inayoitwa asetaldehaidi, na ile njia ya ziada ambayo ini la mnywaji sana huifungulia mlango inazalisha kemikali zingine zinazoumiza seli. Kwa hiyo asiyelewa anakunywa nyingi zaidi na ini linapokea zote. Na ile ya "mi nakunywa bia tu, pombe kali sigusi" haisaidii kitu: bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za kilevi, toti ya mililita 50 ya asilimia 40 ina kama 16. Maumivu nayo usiyasubiri, ini linaharibika miaka kimyakimya.

Linaharibikaje? Chukulia utumbo ni ukuta wa tofali. Pombe inalegeza saruji katikati ya tofali, vipande vya bakteria vinapenya na kuingia kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini. Seli za ulinzi mle ndani zinapiga kengele, na kengele ikilia kila siku seli za jirani zinaanza kutengeneza kovu, kama goti la mtoto anayeanguka palepale kabla kidonda hakijapona. Kovu halichuji damu. Damu inakosa njia, presha inapanda kwenye mshipa ule, maji yanavujia tumboni.

Sasa fumbo linalowasumbua watafiti: wanywaji wa sana karibu asilimia 90 wanapata mafuta kwenye ini, lakini wanaofika kwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, ni kama 10 hadi 20 tu. Kwa nini hao? Kuna jeni, yaani kitu cha kurithi kwa wazazi, inaitwa PNPLA3 inayoongeza hatari, kuna unene, wanawake wanaumia hata kwa pombe kidogo zaidi, na homa ya ini B au C inaharakisha kila kitu. Ila sehemu kubwa ya tafiti za jeni zimefanyika kwa watu wa Ulaya na Marekani, kwa hiyo kwetu, ambako homa ya ini B ni nyingi, tusizimeze nzimanzima.

Dawa nayo bado inatafutwa. Uingereza walijaribu prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa wagonjwa zaidi ya 1,000 wenye ini lililovimba vibaya kwa pombe, majibu yakatoka 2015: ndani ya siku 28 walikufa asilimia 14 ya waliopewa na 17 ya wasiopewa, tofauti ndogo mno kuiamini, na kufikia siku 90 haikuwepo kabisa. Kinachosaidia kweli ni kuacha, mafuta yanaweza kuondoka ndani ya wiki chache, ila anayekunywa kila siku asikate ghafla bila daktari, anaweza kupata degedege.

Ndo maana nguvu nyingi sasa zinaenda kwenye kugundua mapema. Kuna mashine inayogusishwa ubavuni wa kulia, inagonga kidogo kama kidole, inapima mtikisiko unapita ndani kwa kasi gani, maana ini lenye makovu ni gumu na mtikisiko unakimbia humo. Ni dakika chache tu, na mzee wetu angeweza kupimwa akiwa bado anatembea kanyooka.