Ile pilipili ndogo nyuma ya nyumba si ya porini

Haipiti wiki bila mteja kusimama kwenye kitalu changu hapa Goma na kuulizia "miche ya pilipili ya pori, ile ndogo ya asili yetu". Mama, ile inayojiotea kwenye mawe ya volkano nyuma ya nyumba ni mtoro wa bustani. Jamii nzima ya Capsicum, yaani pilipili hizi zinazowasha pamoja na hoho, asili yake ni Amerika; huku Afrika ililetwa na meli za Wareno baada ya 1492. Ndege hawasikii ukali wake, basi wanakula tunda na kudondosha mbegu ikiwa hai popote wanapotua. Panya angeitafuna mbegu ikafa, na yeye ndiye anayefukuzwa na ukali.

Ya porini kwelikweli itafute Mexico. Inaitwa chiltepin; tunda lake halizidi njegere, limesimama wima juu ya majani ndege walione, na likiiva linachomoka kwenye kikonyo ukiligusa tu. Mbegu zake huota kwa zamu, nyingine zikichelewa sana, ili ukame mmoja usizimalize zote. Wakulima wa kale walichagua kinyume chake: tunda kubwa linaloning'inia, lisiloanguka kabla ya kuvunwa, na mbegu zinazoota kwa pamoja. Hii ndogo yetu ilifugwa nusunusu. Bado inasimama wima, bado inachomoka. Kwa hiyo usinirudie baada ya siku kumi kusema mbegu zimekufa. Funika kitalu usiku, maana baridi ya hapa unaijua, na usubiri mwezi mzima. Nasema hivi kila mara, na kila mara mtu amekwisha mwaga udongo.

Eti ya pori ndiyo kali kuliko zote? Pilipili aina ya Carolina Reaper na Pepper X, zilizovunja rekodi za dunia za ukali, zimezalishwa na watu. Tena Bolivia kuna Capsicum chacoense, ya porini kabisa, ambayo baadhi ya mimea yake huzaa matunda yasiyowasha.

Ukali hauko kwenye mbegu. Uko kwenye utando mweupe unaozishika.

Na hoho haiwi kali kwa kupandwa jirani na pilipili. Tunda la msimu huu halibadiliki hata kidogo. Zikichavushana, mbegu zake ukizipanda msimu ujao ndizo zinaweza kukuunguza mdomo. Halafu lawama zinaletwa kwangu, kwa mbegu ambazo mtu amezikamua mwenyewe kwenye hoho aliyonunua soko la Virunga.