Je, wajua? Bakteria wa ukeni hulishana

Mwanamke akitokwa na majimaji ya kijivu yenye harufu ya samaki, dalili za tatizo liitwalo vajinosisi ya bakteria, kitu cha kwanza kulaumiwa ni uchafu. Huenda akaanza kujiosha ndani kwa sabuni, jambo ambalo madaktari hulikataza. Wa pili kulaumiwa ni mdudu mmoja mbaya aliyeingia kutoka nje. Dhana hii ya pili ina heshima zaidi, kwa sababu iliwahi kuwa sayansi.

Mwaka 1955, huko Houston, Marekani, watafiti Herman Gardner na Charles Dukes walitangaza kwamba mdudu huyo wamempata. Leo anaitwa Gardnerella. Ili kuthibitisha, walifanya jaribio ambalo siku hizi lisingepata kibali popote: walimwotesha maabara akiwa peke yake, wakawapandikiza ukeni wanawake 13 wenye afya. Aliugua mmoja. Kisha walichukua majimaji ya wagonjwa jinsi yalivyo, pamoja na vyote vilivyomo, wakawapandikiza wengine 15. Waliugua 11. Hata hivyo waliendelea kumshikilia mtuhumiwa wao mmoja. Pengine maabara ilimdhoofisha bakteria yule, lakini kuna uwezekano mwingine: alikosa wenzake.

Mwaka 1997 watafiti Pybus na Onderdonk walimchunguza mmoja wa hao wenzake, Prevotella bivia. Mchukulie mama ntilie anayetupa maganda na makombo nyuma ya kibanda. Jirani mfuga kuku anayazoa, kuku wananenepa, na mbolea yao inaishia kwenye bustani ya mchicha ambao mama ntilie huyohuyo anaupika. Hakuna aliyeingia mkataba. Kila mmoja anaondoa taka zake tu. Gardnerella ndiye mama ntilie: huacha amino asidi, yaani vipande vinavyojenga protini, katika mazingira yake. Prevotella huzila, kisha hutoa amonia. Amonia ina nitrojeni, nayo Gardnerella huitumia kukua. Kadiri mmoja anavyoongezeka ndivyo mwenzake anavyopata chakula zaidi. Tahadhari: haya yalionekana kwenye vyombo vya maabara, na ukeni kuna wakazi wengi zaidi ya wawili.

Wengine hula bila kulipa, au angalau malipo yao hayaonekani upesi. Fusobacterium hupenda sukari iliyoshikamana na ute wa uke, ila hana kimeng'enya (protini inayofanya kazi kama mkasi) cha kuibandua. Husubiri majirani waibandue, kisha naye anajipatia.

Laktobasili, wale tunaowaita bakteria wazuri, nao hawajitegemei kabisa. Chanzo chao kikuu cha chakula ni glikojeni, aina ya wanga, ya seli za uke, na kimeng'enya cha mwili wa mwanamke mwenyewe husaidia kuikatakata. Wao hurudisha asidi ya laktiki, ambayo kwa kawaida huweka pH, yaani kipimo cha asidi, chini ya 4.5 (namba ikishuka, asidi ni kali zaidi) na kuwabana akina Gardnerella. Lakini tusiharakishe kuita kila mchanganyiko ugonjwa: katika utafiti wa mwaka 2011 wa wanawake 396 wa Amerika Kaskazini wasio na dalili, takriban robo hawakutawaliwa na laktobasili.

Ushirika huu huenda ni sehemu ya sababu kwamba tiba haidumu. Dawa ya kuua bakteria iitwayo metronidazole huondoa dalili, lakini katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2006, tatizo liliwarudia zaidi ya nusu ya wanawake ndani ya miezi 12. Gardnerella hujenga utando unaong'ang'ania ukuta wa uke, nao wenzake hujificha humohumo.