Ngege hakumalizwa na mbuta peke yake

Sokoni Malindi, akionekana samaki wa Ziwa Victoria kwenye barafu, hakosi mtu wa kukueleza kwamba ngege, perege wa asili wa ziwa hilo, aliisha kwa kuliwa na mbuta, yaani sangara. Tarehe hazikubali. Mbuta alitiwa ziwani miaka ya 1950 na kushamiri miaka ya 1980. Nyavu za kutega zilikuwa zimeingia tangu 1905, na mtaalamu wa uvuvi Michael Graham alipochunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, ngege walikuwa wameshapungua. Alishauri matundu yasipungue inchi 5. Mvuvi wa hapa hahitaji kufafanuliwa: tundu lisilopitisha zaidi ya vidole viwili linazoa samaki asiyewahi kutaga.

Kisha akaja sato, yaani perege wa Nile, naye aliyetiwa ziwani miaka ya 1950, akamsonga ngege kwenye mazalio na hata kuzaana naye. Huyo ndiye tunayeuziwa siku hizi kwa jina la ngege (akipakwa nazi, nakiri, hana ubaya).

Mbuta ana lawama zake, ila si zote. Ngege wa asili bado yupo Ziwa Kanyaboli, Siaya, ambako mbuta hakufika. Kinachomtisha huko ni kufyekwa kwa mafunjo ya kinamasi cha Yala ili kupata mashamba.